Mahadhi Yaleyale: Hamu ya Nyumbani katika Utungo wa Su Shi

Katika mgogoro wa ushairi wa Kiswahili uliopamba moto miaka ya 1970, hasa baada ya kutoka Kichomi ya Kezilahabi mwaka 1974, baadhi ya wanamabadiliko walidai kuwa vina na mizani humfunga mtunzi asiseme lililo moyoni. Baadhi ya watetezi wa kanuni nao walijibu kana kwamba kanuni zenyewe ndizo ushairi. Makala haya yanakusudia kuzipima hoja hizo kwa ushahidi wa mbali: tungo mbili za Su Shi (1037–1101), mshairi na mtumishi wa dola ya Song nchini China.

Su Shi alizipinga sera za waziri Wang Anshi, akaondoka mji mkuu mwaka 1071, na tangu hapo akawa mtu wa kuhamishwa jimbo hadi jimbo. Mwaka 1075 alikuwa liwali wa Mizhou, upande wa mashariki. Mkewe wa kwanza, Wang Fu, aliyefariki mwaka 1065, alizikwa kwao Meishan, magharibi ya mbali. Usiku mmoja alimwota, akatunga.

Utungo huo ni wa aina ya ci, ambamo maneno hutiwa katika mahadhi yaliyokwisha kuwapo. Mahadhi haya yanadai mizani 70: beti mbili za mizani 35 kila mmoja, mishororo isiyolingana urefu, na kina kimoja. Ubeti wa kwanza una kaburi lisilofikika, na mume anayehofu kuwa hata wakikutana mkewe hatamtambua, kwa vumbi la uso na mvi za kichwa. Umri wake ulikuwa miaka 38. Serikali hailaumiwi hata kwa neno moja; lakini uso huo ni shtaka tosha. Katika ubeti wa pili yuko nyumbani, mkewe yu dirishani akijipamba, nao hutazamana kimya wakilia.

Mwaka huohuo, akiwa Mizhou, alitumia mahadhi yaleyale kusimulia uwindaji. Humo mishororo miwili ya mizani tatutatu imebeba mbwa na kozi. Katika utungo wa ndoto, mahali palepale, imebeba kumbukumbu inayokuja bila kuitwa. Mwindaji hujigamba na kutazamia mjumbe wa mfalme. Mwotaji hatazamii mjumbe wala cheo.

Ni dhahiri, basi, kuwa kanuni haikumpa Su Shi huzuni wala haikumnyima. Shaaban Robert naye alimlilia mkewe Amina kwa vina na mizani, wala hatukuona kilio chake kimepungua. Kuhesabu mizani ni mwanzo tu wa uhakiki. Yatupasa kuuliza mshororo mfupi umekabidhiwa mzigo gani, na kama umeufikisha. Asiyeuliza hivyo, awe mtetezi wa kanuni au mpinzani wake, atakuwa amelipima gunia asijue lina nini ndani.