Msanii Mgonjwa Mbele ya Hadhira: Mfano wa Philly Lutaaya

Wahakiki wetu wamezoea kuuliza maswali mawili juu ya wimbo: una maudhui gani, na fani yake ni ipi? Wimbo wa Philly Bongoley Lutaaya juu ya ukimwi, “Alone and Frightened”, unatulazimisha kuongeza la tatu: anayeimba ni nani, naye yu katika hali gani?

Lutaaya, aliyezaliwa mwaka 1951, alikuwa na makao yake Sweden alipotangaza hadharani, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwamba anaugua ukimwi. Hakuna Mganda mashuhuri aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Alirudi nyumbani, akazunguka katika shule na makanisa akiimba na kusema na watu, huku nguvu zikimpungua, hadi alipofariki tarehe 15 Desemba 1989. Filamu “Born in Africa” ya mwaka 1990 imeihifadhi safari hiyo.

Tukumbuke hali ya siku zile. Hapa Uganda maradhi hayo yaliitwa “silimu”. Ng’ambo ya mpaka, Kagera, watu walisema “juliana”. Majina hayo yaliwawezesha watu kusema bila kutaja. Sisi wa Luzira, ambao mtaa wetu unajulikana zaidi kwa gereza lake, tunajua maana ya ukuta. Na soni ilikuwa ukuta wa namna hiyo kwa mgonjwa. Hata Lutaaya alipojitokeza, wengi hawakumsadiki. Walidai anatafuta soko la nyimbo zake. Mwili wake uliodhoofika mbele ya macho yao ndio uliowajibu.

Wengine nao waliimba juu ya balaa hilo. Franco wa Zaire, katika “Attention na SIDA” ya mwaka 1987, aliasa kama mzee wa baraza, akiwageukia vijana, walimu, madaktari na viongozi. Remmy Ongala, Dar es Salaam, alitumia utani katika “Mambo kwa Soksi”, na redio ya taifa ikakataa kuupiga. Hao wawili walisema na “ninyi”. Franco mwenyewe alionekana jukwaani Amsterdam mwezi Septemba 1989 akiwa hoi, akafariki tarehe 12 Oktoba. Lakini wimbo wake ulibaki kuwa onyo kwa wengine. Lutaaya alichagua nafsi ya kwanza umoja. Wimbo wake huanzia kwenye upweke wa “mimi”, na hapo ndipo unapopata haki ya kuwaita wote katika “sisi”.

Wapo wasemao kwamba hayo ni mahubiri yenye gitaa, na kwamba huruma yetu kwa mgonjwa huficha upungufu wa sanaa. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Lugha ya wimbo huo ni nyepesi. Mpenzi wa mafumbo hataambulia kitu. Lakini fumbo lingefanya kazi gani hapo? Lingekuwa “silimu” nyingine, jina jipya la kujifichia. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Pale ambapo fumbo limegeuka maficho, uwazi ndio fani, na hapana budi mhakiki aupime kama anavyopima vina na mizani.

Jambo hili linatuhusu sisi walimu. Insha za wanafunzi wetu juu ya ukimwi hujaa “vijana wajihadhari” na “waathirika wasaidiwe”. Mgonjwa siku zote ni “wao”. Lakini katika madarasa yetu wamo watoto waliozaliwa na virusi, wanaokunywa dawa kila siku na kuishi kwa matumaini ambayo Lutaaya hakuyapata. Mtoto huyo akisoma insha hizo, hajioni miongoni mwa wanaozungumza. Hujiona miongoni mwa wanaozungumzwa. Basi tunapoufundisha wimbo huu, tusikimbilie ujumbe. Tuwaulize kwanza wanafunzi: nani anasema “mimi”, na kulisema neno hilo kulimgharimu nini?