Mama, Binti na Andiko: Ufasiri wa Biblia katika Under the Udala Trees

Ni rahisi kuisoma riwaya ya Chinelo Okparanta, Under the Udala Trees (2015), kama hoja ya kisiasa iliyovishwa visa. Mwandishi mwenyewe anamsukuma msomaji huko, kwani katika dokezo la mwishoni anaitaja sheria iliyotiwa saini nchini Naijeria Januari 2014, yenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka 14. Usomaji huo, hata hivyo, unairuka sehemu iliyo imara zaidi kifani, yaani masomo ya Biblia ambayo Adaora anampa bintiye Ijeoma mjini Aba.

Vita vya Biafra vimemuua baba. Binti amepelekwa Nnewi kuwa mtumishi katika nyumba ya mwalimu, na huko amempenda Amina, yatima wa Kihausa. Penzi hilo changa linapogunduliwa, mama anamrejesha kwake na kuanza kumsomesha Maandiko, akianzia Mwanzo. Okparanta haharakishi hapa. Masomo yanarudiarudia, na urudiaji huo ndio unaombebesha msomaji uzito ambao maelezo ya moja kwa moja yasingeweza kuubeba.

Somo linalofichua zaidi ni lile la Mambo ya Walawi kuhusu kutochanganya mbegu na wanyama wa namna mbili. Kwa Adaora, agizo hilo linahusu Waigbo na Wahausa: hata kama Amina angekuwa mvulana, bado uhusiano huo ungekuwa mchanganyiko uliokatazwa. Hoja ya jinsia imeteleza kimyakimya ikawa hoja ya kabila, na chuki ya vita imepata aya ya kujisitiri. Adaora si mnafiki. Ni mjane anayesoma kwa majeraha yake, na riwaya inamtendea haki kwa kutomfanya kikaragosi.

Ijeoma, kwa upande wake, hamkani Mungu. Anauliza. Je, kutajwa kwa Adamu na Hawa kunamaanisha kwamba mengine yote yamekatazwa? Mbona katika Waamuzi 19 anatolewa mwanamke, na funzo linalotafutwa haligusi mateso yake? Kwa hiyo mgogoro hauko kati ya imani na kufuru. Uko kati ya wasomaji wawili wa kitabu kimoja, mmoja mwenye mamlaka na mwingine mwenye swali. Baadaye, wanawake wa Aba wanaopendana wanapokutana kwa siri, jengo lao la usiku ni lile lile ambalo mchana ni kanisa.

Kwa msomaji wa Kiswahili, suala hili linaanza kabla ya ukurasa wa kwanza. Neno ulawiti linabeba jina la Luti, hivyo kisa cha Sodoma kimo ndani ya msamiati wenyewe. Msagaji linataja tendo tu. Shoga, ambalo wanawake wa pwani wameitana kwalo kwa mapenzi ya kirafiki, sasa hutumiwa pia kama tusi kwa wanaume. Yeyote atakayejaribu kuitafsiri riwaya hii atapata aya za Adaora zimekwisha kuandaliwa katika Biblia ya Union ya 1952, pamoja na neno machukizo, ilhali upande wa Ijeoma hautakuwa na nomino isiyohukumu. Huenda afadhali abaki na kitenzi kupenda na majina ya wahusika. Hilo halitakuwa kupunguza, maana Ijeoma mwenyewe hupenda mtu kabla ya kutafuta jina la upendo wake.

Kasoro zipo. Biblia inajadiliwa kwa kina, lakini dini ya Amina haijadiliwi. Anaolewa na mwanamume wa Kihausa na kutoweka kwenye masimulizi, na msomaji hapati kujua kama naye aliwahi kubishana na Kitabu chake. Kimya hicho kinaiacha nusu ya penzi bila sauti. Kasoro ya pili ni badiliko la Adaora. Ijeoma anapoikimbia ndoa yake na Chibundu akiwa na mtoto, mama anampokea na kukubali kwamba Mungu aliyemuumba alijua alichokifanya. Tamko hilo linagusa, lakini limefika bila somo. Msomaji aliyeketishwa darasani kwa muda mrefu hivyo haonyeshwi ni aya gani ambayo Adaora, hatimaye, aliisoma upya akiwa peke yake.