Usihesabu Risasi: Namna ya Kupima Filamu ya Majambazi

Anayetaka kujua kama filamu ya majambazi ni nzuri aangalie wanafanya nini siku hawana kazi. Mimi hupimia Touchez pas au grisbi ya Jacques Becker, iliyotoka Ufaransa mwaka 1954. Max (Jean Gabin) na swahiba wake wa siku nyingi, Riton (René Dary), wameshaiba dhahabu uwanja wa ndege wa Orly. Wizi wenyewe hatuuoni. Mwongozaji anayethubutu kuliacha tukio ambalo wenzake wangelitanguliza kwenye mabango, huyo mpe nafasi.

Badala yake Becker anatuingiza usiku kwenye nyumba ya siri ya Max. Max anatoa pate na mikate mikavu, anamimina mvinyo mweupe, wanakula. Anamwambia mwenzake waziwazi kwamba umri umekwenda. Kisha anampa pajama, wanapiga mswaki, na Riton anajikagua kwenye kioo. Mwigizaji mbovu hula huku akisubiri zamu yake ya kusema. Gabin anakula kwa sababu ana njaa. Ukiichoka sehemu hii, basi aina hii ya filamu si yako.

Pima pia ukimya. Katika Rififi ya Jules Dassin (1955), duka la vito linavunjwa kwa karibu nusu saa bila neno wala muziki. Wezi wanatoboa sakafu ya juu, wanapitisha mwavuli kwenye tundu na kuufungulia upande wa chini udake vifusi. Hawasemi kwa sababu king'ora kinashtuka kwa kelele. Ukimya usio na sababu kama hiyo ni madoido tu.

Kofia na suti zisikuzuzue. Borsalino ya 1970, Delon na Belmondo wakitamba Marseille, inapendeza macho, lakini naona nguo zimebeba mzigo wa waigizaji.

Kubwa kuliko yote ni ushirika wenyewe: unagharimu nini? Turudi kwa Max na Riton. Angelo, anayeigizwa na Lino Ventura, mwanamieleka aliyekuwa akiigiza kwa mara ya kwanza, anamteka Riton na kudai dhahabu. Max anamlaani rafiki yake kimoyomoyo kwa ujinga wake wa miaka yote, halafu anaitoa. Hatimaye dhahabu inapotea, na Riton anakufa. Hakuna hotuba ya urafiki. Filamu ambayo ungeweza kumtoa Riton ukaweka jambazi mwingine yeyote, na hadithi ikaendelea vilevile, usipoteze muda nayo.