Rupia ya Bi Kidude, fuvu la Mkwawa na umri wa bibi yangu

Msomaji, bila shaka umeshakutana na habari ya namna hii: picha ya mzee amekaa kwenye kigoda, kichwa cha habari kinasema ana miaka 118, na mwandishi anamuuliza siri ya kuishi sana. Mzee anataja ugali wa ulezi, asali na kutopenda ugomvi. Habari imeisha. Hiyo 118 imetoka wapi? Hakuna aliyeuliza.

Leo naichokoza habari maarufu kuliko zote za aina hiyo nchini kwetu, ya Bi Kidude. Fatuma binti Baraka, mwimbaji wa taarab na mpiga ngoma za unyago wa Zanzibar, alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na dunia nzima ikaandika kwamba alivuka miaka 100. Filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006 kuhusu maisha yake iliitwa As Old as My Tongue, yaani ana umri sawa na ulimi wake. Jina hilo nalipenda kwa sababu linakiri kwamba namba haipo. Walioandika baadaye ndio waliojaza namba.

Ushahidi uliorudiwa sana ni kauli yake mwenyewe kwamba alizaliwa enzi za rupia. Wasimuliaji wakatafsiri haraka haraka: basi ni kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hapo ndipo ninapogombana nao. Huku bara, rupia ya Mjerumani iliondoka baada ya Mjerumani kuondoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 tukaingia kwenye shilingi. Mzee wa Iringa akikutajia rupia ni sawa ukifikiria utawala wa Wajerumani. Lakini Zanzibar ilikuwa na rupia yake, na ilidumu mpaka shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake mwaka 1936! Kwa hiyo neno rupia peke yake linatuambia kwamba Bi Kidude alikuwa na umri usiopungua miaka 77 alipofariki. Kati ya 77 na 103 kuna pengo la mtu mzima kabisa, mwenye watoto.

Simwiti muongo, jamani. Inasimuliwa pia kwamba alijifunza uimbaji kwa Siti binti Saad, aliyefariki 1950, na hilo linausogeza mwaka wake wa kuzaliwa nyuma kidogo. Inawezekana kabisa alifika 100. Ninachosema ni kwamba ushahidi uliotajwa hauwezi kuubeba mzigo huo. Na kinachoniudhi zaidi ni nyongeza: sigara na pombe zake zikaandikwa kana kwamba ni utafiti wa kitabibu, juu ya namba ambayo haikupimwa.

Mfaransa Jeanne Calment anahesabiwa kuwa aliishi miaka 122 na siku 164, na hata yeye, mwenye vyeti na sensa alizoandikwa kwa miongo mingi, walitokea watafiti wakambishia mwaka 2018. Mtafiti mmoja, Saul Newman, alitazama Marekani akakuta kwamba jimbo likianza kusajili vizazi kikamilifu, idadi ya watu wanaodaiwa kufikisha miaka 110 inaporomoka kwa asilimia 69 hadi 82. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya utani ya Ig Nobel mwaka 2024. Watu walicheka, lakini mimi sikucheka sana, kwa sababu ya bibi yangu.

Bibi yupo kijijini, Iringa. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1 Januari 1920. Nani alichagua 1 Januari? Karani wa siku hiyo, aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni. Mwaka 2020 ukoo mzima tulikusanyika, tukachinja ng'ombe, tukakata keki yenye namba 100. Mimi nikatoka Mbeya na basi la asubuhi, na picha nikarusha kila mahali.

Mwaka jana, nikiwa likizo, nikamuuliza swali ambalo tunawauliza wazee kwenye dodoso zetu: unakumbuka tukio gani kubwa, na wewe ulikuwa nani wakati huo? Akajibu bila kusita: fuvu la Mkwawa liliporudishwa Kalenga, yeye alikuwa na mtoto mgongoni. Fuvu lilirudi Juni 1954. Mtoto wa ngapi, bibi? Wa pili. Sasa hesabu mwenyewe. Mwanamke mwenye mtoto wa pili mgongoni, kwa jinsi walivyoolewa enzi zile, tuseme alikuwa kati ya miaka 18 na 25. Maana yake alizaliwa kati ya 1929 na 1936. Siku ya keki alikuwa na miaka 84 hadi 91.

Ona tofauti. Rupia ni kipindi kirefu ambacho mtu alikutwa nacho tu. Fuvu lina mwezi na mwaka, na bibi alijiweka ndani yake akiwa na mwili na kazi. Hata hivyo dirisha langu bado lina upana wa miaka saba, na siwezi kulibana zaidi kwa kumpenda bibi.

Nilimpelekea baba mkubwa hesabu hii, nikiwa na karatasi kabisa. Akaisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza kama najua kwamba kwa kadi ile bibi anatibiwa bila kulipia. Nikamwambia msamaha wa matibabu unaanzia miaka 60, kwa hiyo hata mimi nikiwa sahihi hapotezi kitu. Akafikiri kidogo.

"Sawa mwanangu," akasema. "Lakini keki ya mia tumeshaila. Hiyo nyingine utainunua wewe."