Gambiti si Kafara: Uhakiki wa Tafsiri ya Neno Moja

Safari hii tunalijadili neno linalowatatiza wanafunzi wetu wa somo la tafsiri: gambiti. Tangu ilipotoka tamthilia ya televisheni The Queen's Gambit mwaka 2020, iliyotokana na riwaya ya Walter Tevis ya mwaka 1983, tumekutana na tafsiri tatu za neno hili: kafara, ujanja na bahati nasibu. Kwa maoni yetu, zote tatu zina kasoro.

Kwanza tuangalie asili. Neno hili limetokana na gambetto la Kiitaliano, na mzizi wake ni gamba, yaani mguu. Maana yake ni kumtega mtu mguu aanguke. Kwa Kiswahili tungesema kumpiga ngwara. Kasisi Mhispania Ruy López alilitumia katika kitabu chake cha sataranji cha mwaka 1561. Tangu hapo hutaja ufunguzi ambao mchezaji humwachia mpinzani kete, aghalabu askari, ili yeye apate nafasi bora ubaoni.

Sasa tuzipime tafsiri. Kafara hutolewa ili kuondoa balaa, na kilichotolewa hakirudi. Katika gambiti ya malkia, mpinzani akimla yule askari, mara nyingi mtoaji humrudisha askari wake baadaye. Isitoshe, mpinzani anaweza kukataa kula. Ujanja nao hufichwa, ilhali kete hii imewekwa wazi mbele ya macho ya wote. Ama bahati nasibu, haina hesabu hata kidogo. Mwenye tiketi husubiri tu.

Sisi tunapendekeza chambo. Mvuvi hukubali kupoteza kidogo kwa matarajio ya kupata kikubwa. Samaki anaweza kukikataa, na pengine hukila akaenda zake. Hasara, hesabu na hiari ya mpinzani zote zimo. Tunakiri kwamba chambo huficha ndoana; hata hivyo, upungufu huo ni mdogo kuliko wa yale maneno mengine.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini kung'ang'ania neno moja? Hapa Uganda, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na wanafunzi wetu ndio watakaofasiri habari na hotuba. Gazeti likiandika kwamba kiongozi fulani amecheza gambiti kwa kulegeza sharti moja la mazungumzo, mfasiri akaandika "amefanya ujanja", atakuwa amemhukumu mtu kwa kosa ambalo mwandishi hakulitaja. Akiandika "ametoa chambo", uamuzi unabaki kwa msomaji.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayeinama hatoi kafara wala hachezi bahati nasibu: anajua anachokitafuta. Mwenye neno bora zaidi ya chambo tunamkaribisha, mradi alete na hoja.