Ufufuo wa Yesu: Tunapopima Ushahidi kwa Haki

Jumatatu ya Pasaka, baada ya ibada, kijana mmoja wa usharika wetu alibaki kwenye benchi la nyuma wakati wenzake wakitoka. Tulimfundisha kipaimara, tukamwombea alipokwenda chuo kikuu, na sasa alikuwa amerudi likizo. Alitusalimu, kisha akauliza kwa adabu: "Baba Mchungaji, jana mlihubiri kwamba Yesu alifufuka. Tunajuaje kwamba jambo hilo lilitokea kweli?"

Tulimjibu palepale, kwa haraka, kama mtu anayemwaga gunia la mahindi sakafuni. Mitume walikubali kuuawa kwa ajili ya ushuhuda wao. Mwanahistoria Josephus ameandika habari hizo. Sanda ya Yesu ipo Ulaya hata leo. Alisikiliza, akashukuru, akaenda zake. Baada ya wiki moja alirudi na daftari. Alikuwa amezichunguza hoja zetu moja moja, na nyingi alizikuta hazina miguu ya kusimamia. Lililotuumiza zaidi ni kwamba alikuwa sahihi.

Hakuja kushindana nasi. Bibi yake aliyemlea alikuwa amefariki wakati wa Kwaresima, nasi ndio tuliomzika. Pale kaburini tulitamka maneno ya ufufuo, na kijana huyu alitaka kujua kama maneno yale ni ya kweli au ni blanketi tu la kuwafunika waliofiwa wasisikie baridi. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa gunia la mahindi. Ndiyo maana tunaandika makala haya, tukipepeta upya yale tuliyomwaga siku ile.

Makapi tuyatenge kwanza

Tuanze na sanda ya Turin, Italia. Picha zake husambazwa sana kwenye simu zetu kila inapokaribia Pasaka. Mwaka 1988 maabara tatu zilipima vipande vya kitambaa kile kwa njia ya kaboni, na majibu yakaonyesha kwamba kilifumwa kati ya mwaka 1260 na 1390. Wapo wanaoyabishia majibu hayo mpaka leo, na ubishi wao tuwaachie wataalamu. Sisi tunasema tu kwamba imani ya Kanisa ilisimama karne nyingi bila kitambaa hicho, na si busara kuining'iniza hapo sasa.

Josephus naye alikuwa Myahudi aliyeandika historia ya taifa lake mnamo mwaka 93. Katika kitabu chake kuna aya inayomtaja Yesu na hata kusema kwamba aliwatokea wafuasi wake akiwa hai siku ya tatu. Wahubiri wengi huikimbilia aya hiyo. Lakini Josephus hakuwa Mkristo, na maneno yale yanasikika kama ya mtu anayeungama imani kanisani. Wataalamu wengi, wakiwamo Wakristo, wanakubali kwamba mikono ya Wakristo walionakili kitabu iliongeza maneno. Huenda chini yake kuna maandishi halisi ya Josephus kuhusu Yesu na kifo chake, lakini kumleta kama shahidi wa ufufuo ni kuleta hati yenye kufutwafutwa mbele ya hakimu.

Hoja ya tatu ni ile tunayoipenda kuliko zote, kwamba hakuna mtu anayeweza kufa kwa ajili ya uongo. Hapa tupunguze sauti. Kwanza, kuhusu mitume wengi, habari za namna walivyokufa ziliandikwa muda mrefu baadaye. Tuna msingi mzuri kuhusu wachache: Yakobo mwana wa Zebedayo anayetajwa katika Matendo 12, Petro na Paulo, na Yakobo ndugu yake Bwana, ambaye kupigwa kwake mawe mwaka 62 kunasimuliwa na huyo huyo Josephus katika sehemu nyingine ambayo wataalamu wengi hawaitilii shaka. Pili, kufa kwa ajili ya jambo kunaonyesha kwamba mtu aliliamini kwa moyo, lakini hakuonyeshi kwamba jambo lenyewe ni kweli. Watu wa dini nyingi wamekufa kwa ajili ya mambo ambayo sisi hatuyaamini. Basi hoja hii inatupa kitu kimoja tu: mashahidi wa kwanza hawakuwa matapeli. Ni kitu cha thamani, tusikizidishe kipimo.

Kinachobaki kwenye ungo

Baada ya kupepeta, je, kuna punje? Zipo, na ni nzito.

Ya kwanza ni kifo chenyewe. Tacitus, Mrumi aliyewadharau Wakristo, aliandika mnamo mwaka 116 kwamba Kristo aliuawa wakati wa Kaisari Tiberio kwa amri ya Pontio Pilato. Mtu wa namna hiyo hakuwa na sababu ya kutusaidia. Kwa hiyo wanaosema kwamba Yesu alizimia tu kisha akapata nafuu kaburini wana kazi kubwa. Askari wa Kirumi waliijua kazi yao, na mtu aliyejikokota kutoka kaburini akiwa nusu mfu angeamsha huruma na kutafutiwa dawa. Asingeabudiwa kama aliyeishinda mauti.

Ya pili ni orodha ya 1 Wakorintho 15:3-8. Paulo aliandika waraka ule akiwa Efeso, yapata mwaka 54 au 55. Lakini anasema wazi kwamba anawakumbusha jambo alilowapa alipokuwa kwao, na kwamba yeye mwenyewe alilipokea kutoka kwa wengine. Alikuwa Korintho lini? Matendo 18 inasema kwamba alishtakiwa huko mbele ya liwali Galio, na jiwe lenye maandishi lililopatikana Delphi, Ugiriki, linatuwezesha kuuweka uliwali wa Galio kwenye mwaka 51 au 52. Yesu alisulubiwa mwaka 30 au 33. Basi Wakorintho waliisikia orodha hii miaka 20 hivi baada ya tukio, na Paulo aliipokea kabla ya hapo. Katika Wagalatia 1 anasimulia kwamba miaka mitatu baada ya kuitwa kwake alikwenda Yerusalemu, akakaa na Kefa siku kumi na tano, akamwona pia Yakobo. Majina hayo mawili yamo ndani ya orodha.

Tuupime muda huo kwa maisha yetu. Ni mfupi kuliko muda uliopita tangu meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996. Nenda Mwanza au Bukoba leo ukasimulie uongo kuhusu meli ile, uone kama hutapata mtu wa kukusimamisha, kwa sababu waliokuwapo wapo na waliofiwa wapo. Paulo anaandika kwa ujasiri wa mtu anayejua hivyo. Anasema kwamba wengi wa wale zaidi ya mia tano waliomwona Bwana bado walikuwa hai, ingawa wengine walikwisha kulala. Ni kama anawaambia wasomaji wake wafunge safari wakaulize.

Ya tatu ni wanawake. Injili zote nne zinasema kwamba wa kwanza kulikuta kaburi wazi walikuwa wanawake, na jina la Mariamu Magdalene limo katika zote. Josephus anatujulisha kwamba ushahidi wa mwanamke haukukubaliwa mbele ya sheria. Katika karne ya pili Celsus, mpinzani wa Wakristo, aliwacheka kwa kutegemea neno la mwanamke aliyepandwa na jazba. Hata mitume wenyewe, kwa mujibu wa Luka 24:11, waliyaona maneno ya wale akina mama kuwa upuuzi. Mtu anayetunga habari ili aaminiwe hachagui mashahidi wa namna hiyo. Ni kweli mpinzani anaweza kujibu kwamba shughuli za maiti zilikuwa za wanawake, kwa hiyo mtungaji yeyote angewaweka wao. Jibu hilo lina uzito kiasi, ila halielezi kwa nini Kanisa liliendelea kuisimulia habari hii namna ile hata baada ya kuchekwa.

Ya nne ni watu wawili wasiotazamiwa. Yakobo alikuwa ndugu wa Yesu, na Yohana 7:5 inasema kwamba ndugu zake hawakumwamini. Paulo alilitesa Kanisa. Huyu hakuwa akimlilia Yesu, wala hakutamani kumwona tena. Anayetaka kueleza chanzo cha imani ya Pasaka lazima awaeleze na hawa.

Wanaopinga wasikilizwe

Haki inatudai tusikilize upande wa pili. Wanasema kwamba Injili hazilingani, nao hawakosei. Tukiwahesabu wanawake waliokwenda kaburini, hesabu inatofautiana. Malaika ni mmoja au wawili. Kwa Mathayo, Yesu anawatokea wanafunzi Galilaya, na kwa Luka wanabaki Yerusalemu. Marko katika nakala kamili mbili za kale kuliko zote tulizo nazo, ambazo ni za karne ya nne, anaishia 16:8, wanawake wakikimbia kwa hofu. Tusiwafiche washarika mambo haya, maana watayakuta wenyewe. Tunachoweza kusema ni kwamba waliofundishwa la kusema husema sawasawa, na mashahidi wa kweli hutofautiana pembeni huku wakikutana katikati. Katikati hapa pako wazi: Yesu alikufa, akazikwa, kaburi likakutwa tupu, wafuasi wake wakamwona akiwa hai.

Hoja yao yenye nguvu zaidi inahusu maono. Mwanazuoni Mjerumani Gerd Lüdemann aliandika mwaka 1994 kwamba Petro alimwona Yesu kwa sababu ya huzuni na majuto, na wengine wakafuata. Hoja hii tusiicheke, kwa sababu sisi wenyewe tunayajua mambo haya. Ni nani kati yetu ambaye hajasikia mjane akisema kwamba usiku mume wake alikuja, akasimama mlangoni? Mara nyingi tunaamini kwamba anasema alichokiona.

Lakini tuendelee kumsikiliza mjane huyo. Asubuhi anasema nini? Anasema marehemu amekuja kumwaga, au kuna jambo analidai. Hasemi kwamba kaburi la nyuma ya nyumba litakuwa tupu, wala hawaiti majirani waende kutazama. Kwetu, kumwona marehemu ni uthibitisho kwamba amekwisha kuwa upande wa wafu. Wayahudi wa wakati ule nao walijua habari za mizimu na malaika. Tena walioamini ufufuo walitazamia ufufuo wa wafu wote siku ya mwisho, si wa mtu mmoja katikati ya historia. Maono ya huzuni yangewafanya wanafunzi waseme kwamba roho ya Bwana ipo kwa Mungu. Wao walisema jambo lingine, jambo ambalo halikuwamo katika mategemeo yao. Hapo ndipo maelezo ya Lüdemann yanapopungukiwa.

Mizani inapofika mwisho

Je, basi tumethibitisha? Hapana, na hapa ndipo tulipokosea zaidi siku ile ya kwanza. Historia inaweza kutufikisha mahali pa kusema kwamba mwanzo wa Kanisa hauelezeki kirahisi, na kwamba ushuhuda wa ufufuo ni wa mapema, ni wa watu wanyofu, na umehimili maswali. Lakini kusema kwamba Mungu ndiye aliyetenda ni hatua ambayo mtafiti wa historia, kwa zana zake, hana namna ya kuipima.

Mfano mzuri ni Pinchas Lapide, mwanazuoni wa dini ya Kiyahudi. Aliupima ushahidi huu huu, na katika miaka ya 1970 akasema hadharani kwamba anakubali Mungu alimfufua Yesu. Hata hivyo hakubatizwa wala hakukiri kwamba Yesu ni Masihi wa Israeli. Tunamheshimu kwa unyofu wake, na anatufundisha kwamba mtu anaweza kukubali tukio bila kumkubali Bwana. Luther katika Katekisimo Ndogo anatufundisha kwamba imani haitokani na akili wala nguvu zetu. Ni Roho Mtakatifu anayetuita kwa Injili.

Lugha yetu imetupa maneno mawili yaliyo ndugu: ushahidi na ushuhuda. Ushahidi tunaupeleka mahakamani, ushuhuda tunautoa kanisani, na mwenye kuyatoa yote mawili anaitwa shahidi. Kanisa likikataa ushahidi, ushuhuda wake unageuka kuwa hadithi nzuri tu. Paulo aliliogopa hilo, ndiyo maana akasema kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure. Na Kanisa likibaki na ushahidi tu, litakuwa na kesi nzuri bila uzima.

Haya ndiyo tuliyomwambia kijana yule tulipokaa naye mara ya pili, safari hii polepole, Biblia ikiwa wazi mbele yetu. Hakusema kwamba maswali yake yamekwisha. Alisema: "Kumbe hata Paulo alijua kwamba hili lingeweza kuwa si kweli, na bado akaliandika." Kisha akaomba twende naye kwenye kaburi la bibi yake, ambalo bado halijajengewa. Tulisoma tena yale tuliyosoma siku ya mazishi, na mara hii tuliyasoma tukijua ni nani anayetusikiliza.

Wazazi na wazee wa kanisa, vijana wakiuliza tusiwanyamazishe kwa kusema kwamba wamepungukiwa imani. Tomaso aliuliza, na Bwana hakumfukuza, alimwonyesha mikono yake.