Papa Asiyekuwepo: Hofu, Maji na Lugha ya Maombolezo Kagera

Katika maji ya Bukoba na Muleba hapana papa. Ziwa Viktoria ni maji yasiyo chumvi, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na papa wa Unguja na Pemba hana njia ya kulifikia. Hata hivyo, kila chombo kinapozama ziwani humo na watunzi wakashika kalamu, ziwa huota meno. Husemwa kuwa limefungua kinywa, limemeza, limetafuna, wala halijashiba. Taswira hii imezoeleka mno hata haitambulikani tena kuwa ni taswira. Yafaa basi kuuliza inafanya kazi gani katika ushairi wa maombolezo, na inamsaidia nani.

Hofu ya papa, kama inavyojulikana leo duniani, ni mtoto wa sanaa kuliko wa bahari. Peter Benchley alitoa riwaya yake Jaws mwaka 1974. Mwaka uliofuata Steven Spielberg akaitolea filamu, na watu ambao hawakupata kumwona papa hata sokoni wakaanza kuogopa kuingia majini. Benchley mwenyewe, hadi alipofariki mwaka 2006, alitumia sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho kuwatetea wanyama hao. Kwa mtu wa pwani ya Waswahili, papa ni kitoweo kabla ya kuwa adui. Hukatwa, hutiwa chumvi, huanikwa, na harufu yake humtangulia mchuuzi njiani. Baina ya mtu na papa, mlaji anajulikana.

Hesabu nazo zinakubaliana na mchuuzi huyo. Kumbukumbu za kimataifa zinaonesha kuwa mwaka 2022 watu walioumwa na papa bila ya kumchokoza walikuwa 57 duniani kote, na 5 kati yao walikufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa waliokufa maji mwaka 2021 walikuwa 300,000 hivi. Tofauti hii ni kubwa kupita kiasi, lakini mkono wa mtunzi humwendea papa, kwa kuwa papa ana uso, na maji hayana.

Mpiga mbizi anajua hivyo kwa mwili wake. Kinachomuua mara nyingi si kinywa cha mnyama, bali ni kuishiwa hewa, kunaswa na wavu au kamba, moyo uliokuwa na maradhi kabla hajaingia majini, au kupanda juu kwa pupa. Kwenye kina cha mita 10 baharini mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu. Anayevuta hewa ya mtungi kwenye kina hicho kisha akapanda huku amezuia pumzi, hewa hiyo hutanuka ndani ya mapafu hadi kuyapasua. Naitrojeni iliyoyeyuka katika damu nayo hufanya mapovu, kama apandaye hakupumzika njiani. Kagera ina mambo yake zaidi. Kwa kuwa ziwa liko juu, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na jedwali la kupanda lililotungwa kwa ajili ya bahari humdanganya anayelifuata bila ya kulirekebisha. Maji yana giza, nyavu zimetapakaa, na ufukoni mwenye nyasi kuna konokono wa kichocho. Mamba na kiboko wapo na wanaua, wala si haki kuwakanusha. Lakini wao ni sehemu ndogo ya habari.

Sehemu kubwa ya habari ni meli ya MV Bukoba. Iliondoka Bukoba tarehe 20 Mei 1996, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka ilipokaribia Mwanza. Ilijengwa kuchukua abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800, na wengi wamezikwa pamoja Igoma, Mwanza. Msomaji akizitazama tarakimu hizi mbili, ataona kuwa ya pili karibu ni maradufu ya ya kwanza. Sitiari ya ziwa linalomeza haiwezi kuzisema, kwa sababu mnyama mwenye njaa hahesabu tiketi. Ziwa likishakuwa mlaji, aliyepakia anakuwa shahidi tu wa karamu.

Kuna jambo jingine ambalo sitiari hiyo inalizika. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Ndani yake walikuwamo watu hai, wakipumua hewa iliyonaswa tumboni mwa chuma, na sauti zao zilisikika. Bati lilipotobolewa ili watolewe, hewa ile ikatoka, na meli ikaenda chini nayo. Wapiga mbizi waliokuja baadaye, wakiwamo wa kutoka Afrika Kusini, walikuja kutoa maiti. Hapo hapakuwa na mlaji yeyote. Palikuwa na pumzi, na mikono yenye nia njema isiyokuwa na ujuzi wala zana. Taswira ya kweli ya msiba huo ni tundu dogo linalotoa hewa. Yeyote aombolezaye kwa kinywa na meno ameipita taswira kali kuliko zote ambazo msiba wenyewe ulimpa.

Itajibiwa kwamba shairi si taarifa ya tume, na kwamba aliyefiwa ana haki ya kulia kwa lugha aliyorithi. Jibu hilo lina uzito. Maombolezo hayadaiwi ushahidi wa mahakamani. Hata hivyo, ni maombolezo yanayobaki midomoni baada ya taarifa kuliwa na mchwa, na wajukuu watajua namna babu zao walivyokufa kwa kadiri wimbo utakavyowaambia. Wimbo ukisema ziwa lilikuwa na njaa, watakachojifunza ni kungoja njaa nyingine.

Wala si kweli kwamba lugha hii imerithiwa kama ilivyo. Wahaya walikuwa na bwana wa ziwa kabla ya vyombo vya chuma. Huyo ni Mugasha, mwenye mawimbi na tufani, anayetajwa katika masimulizi na katika jadi ya waimbaji wa nanga, jadi ambayo M. M. Mulokozi ameichunguza kwa miaka mingi. Mugasha alitisha, lakini alikuwa na masharti. Aliyetaka kuvuka alipaswa kumheshimu, yaani kusimama ufukoni, kutazama mbingu, na pengine kurudi nyumbani. Hofu ya namna hiyo ilikuwa elimu ya safari. Ziwa la maombolezo ya magazeti halina sharti lolote. Lina tumbo tu. Kwa hiyo kosa haliko katika tashihisi yenyewe, ambayo ni mali halali ya ushairi wa kila zama. Kosa ni kumpa mnyama uhai na kumnyima sheria.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilitumbukia ziwani katika hali mbaya ya hewa, karibu kabisa na kiwanja cha Bukoba. Waliokufa walikuwa 19, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao, 24 waliokoka. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima kwa kusaidia kufungua mlango wa nyuma, na karibu apoteze maisha yake alipojaribu kuwafikia marubani. Sifa hiyo aliistahiki. Lakini hapa pia fikra ilikimbilia uso. Badala ya mnyama mmoja anayemeza, akapatikana shujaa mmoja anayetapisha, na swali likabaki kando: kwa nini, mbele ya mji wenye bandari na kiwanja cha ndege, kinga ya kwanza ilikuwa kasia la mvuvi? Utenzi wa shujaa na maombolezo ya mnyama ni ndugu wa tumbo moja, maana vyote viwili humaliza habari kabla haijafika kwenye maboya, mitungi na mazoezi.

Msomaji wa visiwani asidhani kuwa haya ni mambo ya bara. Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi Septemba 2011, kilichowashinda wapiga mbizi hakikuwa papa bali kina na nguvu ya maji. Huko nako beti nyingi zilitungwa, na bahari ikapewa kinywa.

Mtunzi wa Muleba anayekaa akitazama upande wa Bumbire na Goziba usiku, taa za wavuvi wa dagaa zikiwa zimetanda juu ya maji, ana mengi ya kuimba bila ya kuazima meno. Ana koti la kuokolea lililobaki nyumbani kwa kuwa ni ghali au linabana mkono wa kuvutia wavu. Ana upepo unaogeuka ghafla usiku. Ana mvuvi ambaye tangu utotoni ameishi juu ya maji na hajui kuogelea. Hayo nayo yanatisha, tena hofu yake humfundisha mtu la kufanya kesho asubuhi.

Wahenga wamesema chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hiyo hutajwa msibani kama kauli ya kadari, ili waliobaki wanyamaze. Yaweza pia kusomwa kinyume chake, kwamba kisicho na usukani ndicho cha kuzama, na kwamba kazi ya kuutazama usukani ni ya walio nchi kavu, kabla nanga haijang'olewa. Ushairi wa Kagera una nafasi ya kuchagua ni ipi kati ya hizo mbili utakayoiimba.